Kitabu Tulichokikata kwa Kisu cha Mkate

Mimi ni msomaji wa hadithi za mapenzi. Naliweka hilo mbele ili mtu asinisome akidhani ni mjuzi wa vitabu. Shule niliachia darasa la nane, kule milimani kwetu, na Kiingereza kilichobaki kichwani ni cha mapenzi tu. Najua macho, midomo, kunong'ona, wivu, kusamehe, pete. Ukinitoa hapo ukanipeleka kwa mambo ya serikali au ya hospitali, nimepotea. Haya ninayoandika ni ya juzijuzi, na sina hakika kama ninayaandika sawa, kwa sababu bado yananiuma, na mtu anayeumwa hapimi vizuri. Nitajaribu kupima.

Nafanya kazi londri, katika loji moja iliyo njia ya kuingia mbugani, nje ya Voi. Gari la wafanyakazi hutuokota asubuhi na kuturudisha jioni. Sisi wanawake wa londri tunajua wageni kwa nguo walizolalia tu. Taulo zinatoka kwetu nyeupe na zinarudi rangi ya tofali, kwa sababu vumbi la huku linaingia mpaka kwenye masikio ya watu, na wao hujipangusa wakidhani wameshaoga. Kuna chumba cha mashine, na kuna chumba cha pasi. Mimi ni wa chumba cha pasi.

Wageni huacha vitabu. Wanasoma wakiwa kitandani, wanamaliza, au wanachoka, wanaondoka. Kitabu kinawekwa stoo kumngoja mwenyewe, na asipokiulizia, msimamizi wa vyumba anatuletea sisi. Nadhani mwanzoni alituletea tufungie sabuni. Hakujua kuna watu wanasoma huku nyuma.

Kitabu kimoja na wanawake watano, na kila mmoja anataka kusoma leo, si mwezi ujao. Basi tukawa na desturi yetu. Tunaazima kisu cha mkate jikoni, kile chenye meno, tunakata kitabu mgongoni kufuata sura, kila mtu anapata kipande chake. Kipande kinabanwa kwa kibanio cha nguo, kinakaa mfuko wa aproni, na mashine ikizunguka unasoma. Ukimaliza unampa wa kushoto kwako. Hadithi ya mapenzi haiumii ukiikata. Ukianzia katikati utawakuta wamenuniana, na utajua tu kwamba walipendana mahali fulani huko nyuma. Kipande kikishamfikia kila mtu hakirudi tena kuwa kitabu. Kinawasha jiko la mtu, au kinapangusa pasi. Hilo la kwamba hakirudi, nitalirudia.

Mimi nilipewa kipande cha mwisho siku zote. Haikuwa heshima ya umri, ingawa wangeweza kusema ni hivyo. Ni kwa ajili ya rafiki yangu.

Rafiki yangu ni mama kutoka Magharibi mwa Kenya. Alikuja Voi akiwa bibi-arusi, mume wake akiwa mtu wa reli, na mume alipofariki yeye akabaki hapa kwa sababu, alivyosema, kule kwao wangemuuliza amerudi na nini. Meza yake ya pasi na yangu zilitazamana. Kusoma hakukumpata utotoni, na ukubwani alisema kichwa kimeshafungwa. Lakini hadithi alizipenda kuliko sisi tuliosoma. Mimi nasoma, yeye ananyoosha foronya na kusikiliza. Na alikuwa na sharti moja.

"Dada, anza na mwisho," angeniambia. "Nijue kama nitaumia bure."

Basi namsimulia mwisho kwanza, kwamba walioana, au kwamba walipatana kituo cha treni, na yeye anashusha pumzi. Halafu kadiri vipande vinavyonifikia namjazia huko nyuma. Miaka tumekwenda hivyo. Nilikuwa na watoto, nilikuwa na kanisa, lakini nikisema ukweli, mahali pekee ambapo mtu alininyamazia ili nizungumze ni pale kwenye pasi. Wengine nao walizoea, wakawa wanasogeza vikapu vyao karibu. Yeye mwenyewe alikuwa na mwana mmoja aliyekwenda Arabuni kulinda milango ya maduka. Kwanza alipiga simu, baadaye simu zikawa chache, baadaye namba ikawa haipatikani. Hilo tulikuwa hatuligusi. Ungemuuliza habari za kijana angekujibu, "Yuko," na kuongeza moto kwenye pasi.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya nesi na daktari wa mifugo katika nchi ya theluji. Theluji nilimweleza ni kama ule ukungu wa ndani ya friji, lakini nchi nzima. Gari la daktari linakwama, nesi miguu inakufa ganzi, na daktari anavua soksi zake mwenyewe anamvalisha. Anapiga magoti pale kwenye baridi, anamsugua vidole kimoja kimoja. Soksi moja ina tundu kwenye kidole gumba, na nesi anaona aibu kwa niaba yake, baadaye anaishona bila kumwambia. Rafiki yangu alikuwa akiniambia, siku ambayo kazi imekuwa ngumu, "Niambie ile ya soksi." Nimeisimulia mara ambazo siwezi kuhesabu.

Mwanzo wa msimu wa wageni tukaletewa msichana mpya, wa Maungu hapo jirani, amemaliza kidato cha nne na ana cheti cha mambo ya hoteli. Lazima nimtendee haki. Asubuhi alinisalimia kabla ya wengine wote. Alikunja pembe za mashuka vizuri kuliko mimi nilipokuwa mgeni. Alisoma vitabu kwenye simu yake, na nilipomuuliza kama ni vya mapenzi alicheka kidogo, bila dharau, akasema za mapenzi hasomi, anajua zitaishaje. Nikamwambia ndiyo raha yake. Akasema, "Sawa, Anti." Hapo hakukuwa na ubaya.

Halafu kikaja kitabu kile. Mnene kama tofali la kuchoma, jaladani kuna mlima na ndege mweupe, na ndani kabisa, kabla hata ya sura ya kwanza, ramani. Sijawahi kuona hadithi inayohitaji ramani. Katika vitabu vyangu watu hukutana ofisini. Msichana alipokiona alikishika kwa mikono miwili.

"Anti, hii msiikate. Hii si ya kukata."

"Kwa nini?"

"Iko na mwanzo."

"Kwani kuna kitabu hakina mwanzo?" nikamwambia, na wenzangu wakacheka, na nikachukua kisu. Sikuchukua kwa hasira. Ndivyo tulivyofanya siku zote, na yeye alikuwa na wiki chache tu mahali ambapo mimi nimezeekea. Akaomba basi apewe kipande cha kwanza. Akapewa. Mama mmoja wa maombi, ambaye hukaa chumba cha mashine, alifungua kipande chake akakutana na mti unaosema, akakifunga ndani ya taulo chafu akakirudisha kama mtu anayerudisha panya. Alisema hawezi kuingiza mapepo katika aproni aliyoombea. Nilitaka kumkumbusha mambo aliyoyasoma kwenye vile vya mapenzi bila kuombea.

Mimi nikapata changu, cha mwisho.

Nilijaribu. Nataka hilo lijulikane. Nilisoma kwenye gari la wafanyakazi, nikasoma wakati wa chai. Majina yalikuwa na vialama katikati, nikawa nayaruka kama mtu anayeruka madimbwi. Mtu aliuawa kwa upanga, na kurasa mbili mbele yuko anakunywa uji. Kulikuwa na mto unaopanda mlima. Nilijiuliza mbona nakasirika, na mimi nyanya yangu alinilea na hadithi za mazimwi na jiwe linalofunguka ukiliimbia, na sikuwahi kumuuliza jiwe linafungukaje. Jibu nililopata ni kwamba jiwe la nyanya lilikuwa pale chini ya shamba letu, nililijua, nimelikalia. Mti ule wa kitabuni haukuwa wa mtu yeyote ninayemjua. Huenda hilo ni kosa langu na si la kitabu. Nilikuwa nataka tu mwanamume na mwanamke, niwajue, nishike njia.

Na karibu na mwisho nikawapata. Mzee mwenye ndevu nyeupe anafika kwenye kibanda kilicho kando ya ule mto. Ndani yuko mwanamke kijana, mzuri, nywele nyeusi. Mwanamke anamtazama sana. Halafu anachota maji, anamwosha miguu, anamnywesha kwa kiganja chake. Mzee analaza kichwa mapajani mwake, analia, anamwambia amemtafuta tangu akiwa mdogo, na mwanamke anambusu. Nilihema. Niliona nimefika nyumbani. Kumbe hata hawa wa ramani wanapendana, nikasema moyoni. Hilo neno la tangu akiwa mdogo nililiona kwa macho yangu. Nikadhani walipendana wakiwa watoto. Vitabu vyangu vimejaa watu waliopendana wakiwa watoto.

Nikamsimulia rafiki yangu, mwisho kwanza, kama desturi. Nikamwambia kuna mzee aliyempenda binti mmoja tangu ujana wake, na kwa uchawi binti hakuzeeka, na mzee alimtafuta mpaka meno yakaisha, na walipopatana walibusiana mlangoni na mto ukasimama kutazama. Rafiki yangu aliweka pasi wima. Alilia, na si kawaida yake kulia kazini. "Mzee mzima," akasema, "na bado alimtafuta." Jumapili ile aliibeba hadithi mpaka kwa chama cha akina mama wenzake, akawasimulia, mfano wa kwamba pendo halizeeki. Aliniambia Jumatatu kwamba walimpigia makofi. Nilifurahi kama ni mimi niliyepigiwa.

Siku chache baadaye, tukiwa kwenye chakula cha mchana, msichana wa Maungu akaja na sahani yake akaketi mbele yangu. Alikuwa amesoma kipande cha kwanza na cha pili, na alikuwa amesikia hadithi yangu inavyozunguka. Sidhani alitaka kunivunja. Alizungumza kwa sauti ya chini, ila meza ile ni moja na masikio ni mengi.

"Anti, usikasirike. Yule mzee na yule msichana... yule ni mamake."

Nilimuuliza mama ya nani.

"Ya huyo mzee. Alinyang'anywa mtoto akiwa mchanga, akalaaniwa asizeeke mpaka mtoto anywe maji mkononi mwake tena. Ndiyo kitabu chote. Mtoto anamtafuta mamake mpaka anakuwa mzee kumshinda."

Meza ikapasuka kwa kicheko. Mama wa maombi alishika kichwa. "Mama na mwanawe, wewe ukawabusianisha mdomoni! Hiyo ni laana, mama, uende ukaombewe." Mwingine, ambaye nimemshikia mtoto kanisani akibatizwa, akasema, "Huyu mkimpa kitabu cha mapishi atawaambia kitunguu kilioa nyanya." Walicheka mpaka mpishi akachungulia dirishani. Na mimi nilicheka. Ilikuwa inachekesha, sitasema uongo. Kitunguu kimeoa nyanya, hata leo nikikumbuka midomo inataka kufunguka.

Rafiki yangu hakucheka. Alimaliza chakula chake, akaosha sahani, akarudi kwenye pasi.

Nilimfuata. Nilikuwa nimeandaa maneno, kwamba kosa ni la kisu, kwamba ukisoma mwisho bila mwanzo mtu yeyote angedhani hivyo. Hata sasa naamini kuna haki ndani ya maneno hayo. Lakini hakunipa nafasi ya kuyatoa. Alisema bila kuniangalia, akiendelea kunyoosha.

"Hiyo ilikuwa hadithi yangu mimi. Mtoto anamtafuta mama. Ukanipa ya mapenzi."

Nilisema pole. Akageuza foronya.

"Na zile zingine?"

"Zile zingine zipi?"

"Zote. Nesi na daktari. Wa kituo cha treni. Walioana kweli, ama pia ulikuwa unaona tu?"

Nikamwambia walioana, naapa. Akasema, "Haya." Nikatafuta cha kumwonyesha. Lakini vile vitabu viko wapi? Tumewashia majiko. Tumepangusia pasi. Hapakuwa na ukurasa hata mmoja duniani ambao ningeweza kumwonyesha, na hata ningekuwa nao, yeye si wa kuonyeshwa ukurasa. Na kitu kibaya zaidi kikaingia hapo hapo, kikakaa. Kama nilisoma mama nikaona mpenzi, ni mara ngapi nyingine? Nani alikuwa ananisahihisha? Wenzangu walisoma vipande vyao harakaharaka, wakiruka, na mambo mengi walinisikiliza mimi. Labda kwa miaka yote nimekuwa nikimlisha mtu chakula ambacho sijakionja.

Wiki iliyofuata alimwomba msimamizi ahamishe meza, akisema upepo wa dirisha unamwingia kifuani. Upepo upo, ni kweli, siwezi kukataa. Meza ikawekwa ukutani, kando ya msichana. Na msichana akamsimulia kitabu kile kwa mpango, kutoka mwanzo, kidogo kidogo kila siku. Nilisikia kutoka kwangu. Anasimulia vizuri. Hana madoido, hapandishi sauti, hakubembelezi, ila huwezi kupotea hata ukitoka kwenda haja ukarudi. Siku waliyofika kwenye kibanda, rafiki yangu hakulia. Aliuliza tu, "Na mtoto alimtambua mamake vipi, kama hajazeeka?" Msichana akajibu kwamba alimtambua kwa jinsi anavyochota maji. Nilikuwa nimesoma hilo. Lilikuwa kwenye kipande changu, na nililipita.

Niliviomba vile vipande baada ya watu kumaliza, nikavibana pamoja kwa mpangilio, na kile kilichokuwa kwenye taulo pia. Nilisoma kitabu chote alasiri za Jumapili, mwanzo mpaka mwisho, na ramani nikaifungua nikafuata kwa kidole. Ni kitabu kizuri. Hakuna pete ndani yake, na pendo lililomo si lile ninalolitafuta, lakini limo, na yule mwandishi hakumdanganya mtu. Kila kitu alikuwa amekisema mapema, kwa mtu anayeanza mahali pa kuanzia. Ningesema nimekipenda ningekuwa muungwana zaidi. Sikukipenda. Kila ukurasa nilisoma nikimwona rafiki yangu na simu isiyopatikana, na nikijiona mimi nimeketi katikati yao na midomo yangu ya kubusianisha watu.

Halafu ikatokea bahati ambayo sijui niiite bahati. Mjini Voi, karibu na stendi, kuna mzee huuza vitabu vya mitumba juu ya gunia, pamoja na mikanda na kufuli. Nikipita pale siku ya mapumziko nikaona nesi na daktari wa mifugo. Si kitabu kinachofanana, kile kile, jalada lile lile, mwanamume na ng'ombe na mlima mweupe. Nilikinunua bila kubishana bei, mpaka mzee akanitazama vibaya. Nilifungua mwisho pale pale barabarani. Wanaoana. Kanisani, na kuna mbwa anaingia ndani. Nilikuwa nimesema kuna mbwa.

Asubuhi nilikwenda moja kwa moja kwenye meza yake ya ukutani nikakiweka juu ya shuka. Nikamwambia, kiko hiki, kizima, hakijakatwa, na ndani yake walioana kama nilivyokuambia, mpaka mbwa yumo. Alikitazama. Aligusa picha ya ng'ombe kwa kidole.

"Si unasema wewe," akajibu.

"Nakusomea sasa hivi."

"Mpe msichana asome. Ataniambia."

Alisema kwa upole. Angesema kwa ukali ningeweza kukasirika, na hasira ingenibeba. Na alikuwa na haki. Kama mtu amekupotosha mara moja, ushahidi wake mwenyewe hautoshi, hata mahakamani wanataka shahidi mwingine. Nikampa msichana. Alikipokea na kusema, "Anti, mimi za mapenzi...," akaniangalia usoni, akasema sawa, nitasoma.

Alikisoma, na kwa haraka. Alimwambia rafiki yangu mbele yangu, bila kuombwa, ili nisikie: ni kweli kabisa, walioana, mbwa aliingia, Anti alisema sawa. Namshukuru kwa hilo, hakuwa na lazima. Rafiki yangu akasema, "Asante, mwanangu." Kwa msichana. Akamwomba amsimulie yote sasa, tangu mwanzo.

Nilinyoosha vitambaa vya meza nikisikiliza. Alisimulia kwa mpango wake ule ule, hospitali, ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, ugomvi, gari kukwama. Kisha wakafika kwa mama ya daktari, wakanywa supu. Nikaweka pasi chini. Amepita soksi, nikasema moyoni. Msomi amepita soksi. Nitakiri nilipata raha chungu.

Rafiki yangu naye alikuwa ameacha kunyoosha. "Na soksi?"

"Soksi gani, Anti?"

"Gari likikwama. Anampa soksi."

Msichana akafungua kitabu, akapekua, akapata. "Ah, ndiyo. Alimpa soksi zake."

"Halafu?"

"Halafu wakatembea mpaka kwa mamake."

Rafiki yangu aliinua uso akanitazama, kutoka kule ukutani mpaka kwangu. Nimelirudia jicho lile mara nyingi tangu siku hiyo na sijalimaliza. Halikuwa la hasira. Aliinama akaendelea.

Kitabu kilinirudia, nikatafuta. Ni mistari miwili. Alivua soksi zake akampa, zilikuwa bado na joto. Basi. Hakuna kupiga magoti. Hakuna kusugua vidole. Hakuna tundu, na hakuna aliyeshona. Nilisoma ukurasa wa nyuma na wa mbele, nikidhani pengine limewekwa mahali pengine. Ningeapa mbele ya mchungaji kwamba nililisoma lile tundu, naliona mpaka leo, liko kwenye soksi ya kushoto. Sijui lilitoka wapi. Sijui ni siku gani liliingia, wala nililiingiza mimi au liliingia lenyewe, na sijui kama ni wizi au ni zawadi. Watu waliosoma huenda wana jina la jambo hilo.

Msimu ukaisha, wageni wakapungua, na wenye mikataba ya muda mrefu waliozeeka wakaambiwa wapumzike. Rafiki yangu akiwemo. Aliamua kurudi kwao Magharibi hata hivyo, na watakaouliza amerudi na nini waulize. Siku yake ya mwisho msichana alikuwa zamu ya vyumbani, na mashuka makubwa ya vitanda vya watu wawili hayakunjwi na mtu mmoja. Akaja kwangu, kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Mkunjo wa shuka ni wa watu wawili kushika pembe, mnarudi nyuma mnalinyoosha, halafu mnakutana katikati, mkono kwa mkono, mmoja anapokea pembe za mwenzake, mnaachana tena. Tulikunja hivyo rundo zima. Kila tulipokutana katikati uso wake ulikuwa karibu na wangu kisha unakwenda. Nilingoja. Kwenye la mwisho alishika pembe zangu na hakuziachia.

"Alipiga magoti kweli?"

Nilijua ninachoulizwa. Nilijua pia kwamba hatakwenda kumuuliza mtu mwingine tena, kwamba safari hii neno langu lingetosha, na kwamba basi la Magharibi linaondoka jioni.

"Kitabuni hapana," nikasema.

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei. Akachukua shuka, akaliweka juu ya mengine, akalipiga kofi lilale sawa, akaenda kuvua aproni.

Zilikuwa zimebaki foronya. Foronya mtu hukunja peke yake.